"Nitameza Tukifika Nakuru": Safari, Saa na Ugonjwa wa Parkinson

Wasomaji wangu mliozoea habari za Linux na hifadhidata, leo nipeni ruhusa nichepuke kidogo. Sichepuki mbali, mtaona wenyewe. Nataka kuzungumzia safari za watu wenye ugonjwa wa Parkinson, hasa wanaotoka mashambani kama kwetu Fort Ternan kwenda kliniki za mjini. Nina hoja moja tu: dawa ya Parkinson isifungwe kwenye tukio la safari, ifungwe kwenye saa. Hii sentensi ya "nitameza tukifika Nakuru" ni hitilafu. Na kama zilivyo hitilafu nyingi, haionekani kuwa na ubaya wowote mpaka siku inapoangusha mfumo mzima.

Utauliza, wewe mtu wa kompyuta umeyajulia wapi haya? Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, ana ugonjwa huu, na mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki Nairobi. Kuhusu dawa gani na kiasi gani, muulize daktari wake. Mimi nazungumzia ratiba, na ratiba ndiyo kazi inayonilisha.

UGONJWA WENYEWE, KWA UFUPI

Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza ugonjwa huu katika kijitabu alichochapisha London mwaka 1817. Kinachotokea ni kwamba chembe fulani ndani ya ubongo, zile zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, hufa polepole. Dopamini ikipungua, mwili hukakamaa, mwendo huwa wa taratibu, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, na mizani ya mwili hupotea. Wengine hawatetemeki kabisa, lakini wanao.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Ukidhani ni ugonjwa wa Wazungu, soma utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, katikati ya miaka ya 2000. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000 wakapata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Walikuwa wakiitwa wazee tu.

Dawa kuu mpaka leo ni levodopa, ambayo kwa kawaida huchanganywa na carbidopa (angalia majina haya kwenye pakiti). Ubongo huigeuza levodopa kuwa dopamini, na carbidopa huizuia isivunjwe njiani kabla ya kufika huko. Sasa sikiliza jambo la msingi: levodopa haikai mwilini. Katika muda wa kama dakika 90 nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Ugonjwa ukiwa mchanga, ubongo bado una akiba yake na mtu hahisi pengo. Ukikomaa, akiba inaisha, na mgonjwa huanza kuishi kwa kidonge hadi kidonge. Kidonge kikifanya kazi anatembea, anacheka, anafunga vifungo vya shati. Kikiisha nguvu, mguu unagoma kama uliopigwa misumari sakafuni.

Kwa mtu kama huyo, kuchelewa saa moja si jambo dogo. Ni tofauti kati ya kushuka garini mwenyewe na kubebwa kama gunia la kahawa.

TUKIO NA SAA

Waandishi wa programu wenzangu wanajua kuna namna mbili za kuamuru kazi ifanyike. Ya kwanza ni tukio: mtu akibonyeza hapa, fanya hivi. Ya pili ni saa: ikifika wakati fulani, fanya hivi, hata kama hakuna aliyebonyeza chochote.

Matatu huendeshwa na tukio. Haiondoki saa mbili, inaondoka ikijaa. Ukiwa wa kwanza kuingia, unaweza kukaa stejini saa nzima ukisikiliza kondakta akiapa kwamba amebakisha mtu mmoja tu. Dawa ya Parkinson huendeshwa na saa. Haijui kama gari limejaa, haijui kama kuna lori limeanguka karibu na Salgaa, wala haijui kama dereva amesimama Nakuru kula.

Sasa ukisema "nitameza tukifika Nakuru", umechukua kitu kinachohitaji saa ukakitundika kwenye kitu kinachoendeshwa na tukio. Siku njema zitapita bila shida. Siku barabara ikifungwa, mgonjwa atakaa amekakamaa katikati ya abiria kumi na wanne, na kidonge kimo mkobani, mkoba umo kwenye buti, na buti limefungwa. Ndiyo maana nasema tuvitenganishe vitu hivi viwili kabisa. Gari lifike litakapofika. Kidonge kimezwe saa yake.

"1x3" SI RATIBA

Tatizo huanza mapema zaidi, kwenye bahasha ya dawa. Unajua ile bahasha ndogo ya duka la dawa au ya zahanati. Imeandikwa "1x3", basi. Kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mara tatu lini? Ningemletea msimamizi wangu maelezo ya kazi yenye upungufu huo angenirudishia nikiwa bado mlangoni.

Kwa dawa nyingine pengine si neno. Kwa levodopa, pengo kati ya kidonge na kidonge ndiyo dawa yenyewe. Uingereza shirika la Parkinson's UK limeendesha kampeni ya miaka mingi kutaka hospitali ziwape wagonjwa hawa dawa kwa wakati wao, si kwa wakati ambao toroli la dawa linapita wodini. Kama huko walihitaji kampeni, sisi wa bahasha tunahitaji kalamu. Kabla ya kutoka kliniki, mwombe daktari au mfamasia aandike saa kamili. Hii haiongezi gharama yoyote.

Lakini hapo ndipo Mswahili anapokutana na hitilafu nyingine, tena tamu kwa mtu wa kompyuta. Tuseme, kwa mfano tu, ameandika 7, 12 na 5, akimaanisha asubuhi, adhuhuri na jioni kwa saa za Kizungu. Mzee akisoma kwa Kiswahili anapata saa saba, saa kumi na mbili na saa tano. Dawa ya kwanza ya siku ataimeza saa saba mchana! Namba zote tatu ni sahihi na ratiba yote ni makosa. Simu nayo inaonyesha 07:00 na haimsaidii kitu.

Dawa ya hitilafu hii ni kuandika pande zote mbili kwenye karatasi moja, pamoja na sehemu ya siku:

07:00 = saa moja asubuhi
12:00 = saa sita mchana
17:00 = saa kumi na moja jioni

Shangazi aliposoma karatasi yake ya namna hii alisema, "Sasa hii ndiyo lugha. Ile nyingine ilikuwa hesabu ya mdomo." Mwalimu ni mwalimu hata akistaafu.

SAFARI YENYEWE

Haya, tuseme ratiba imeshaandikwa na mnatoka Fort Ternan. Mnapanda kupitia Kipkelion na Londiani hadi barabara kuu, halafu Nakuru, halafu Nairobi. Au mnateremka kupitia Koru na Muhoroni hadi Kisumu. Haya ndiyo ninayoyashauri.

1. Vidonge vyote viende nanyi, na vigawanywe mara mbili. Mgonjwa abebe sehemu kwenye mfuko wa nguo, msindikizaji abebe nyingine. Visiwekwe kwenye buti wala juu ya dashibodi panapopigwa na jua. Beba vya siku zote za safari na wiki moja ya ziada, kwenye pakiti yake ya asili. Duka la dawa la mji mdogo linaweza kukosa dawa hii, na mgonjwa haruhusiwi kuikatisha ghafla. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa hatari kunakohitaji hospitali mara moja.

2. Kidonge cha kwanza kimezwe nyumbani. Subirini kianze kufanya kazi ndipo mtoke kwenda stejini. Kwa wengi huchukua kati ya nusu saa na saa nzima. Kazi ngumu za safari (kupanda, kuvuka barabara, kushuka) zipangwe wakati mwili uko tayari.

3. Chupa ya maji iwe mkononi. Najua wengi huogopa kunywa maji kwa sababu ya choo. Lakini ugonjwa huu huleta kufunga choo na pia kushuka kwa shinikizo la damu mtu anaposimama, na kiu huzidisha yote mawili. Mwambieni dereva mapema, kabla gari halijaondoka, kwamba mtahitaji kusimama. Akikataa, afadhali mjue mkiwa bado stejini.

4. Maziwa na nyama visikutane na kidonge. Hapa nitawaudhi watu wangu. Protini hushindana na levodopa, kwanza kwenye utumbo, halafu tena kwenye mlango wa kuingia ubongoni. Kwa hiyo mursik, mayai na nyama choma ya njiani vinaweza kukifanya kidonge kichelewe au kikose nguvu. Kawaida hushauriwa kumeza nusu saa kabla ya kula au saa nzima baada ya kula. Kidonge kikichafua tumbo, ndizi au biskuti kavu haina ubaya. Mursik haijapigwa marufuku, ipangiwe saa yake tu.

5. Chagueni kiti, msipewe kiti. Kiti cha nyuma kabisa kinamlazimu mtu kujipinda kati ya magoti ya watu. Cha mbele kando ya dereva kina nafasi, lakini kwa magari mengi kupanda kwake ni juu. Safu iliyo karibu na mlango ndiyo hunifaa na shangazi. Gari likijaa mno, subirini linalofuata. Na bodaboda kutoka steji hadi nyumbani? Hapana. Mtu asiye na mizani hapaswi kukaa juu ya magurudumu mawili. Tafuteni mwenye gari.

6. Mguu ukigoma, usimvute mkono. Hili hutokea sana mlangoni na mahali pembamba, na mlango wa matatu ni vyote viwili. Ukimvuta ataanguka. Simameni, apumue, mhesabie "moja, mbili, tatu" kwa mpigo, au weka mguu wako mbele ya wake kama kigogo umwambie auvuke. Ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua ya kawaida mara nyingi huweza kuvuka kitu unachokiona. Wimbo wenye mdundo nao hufanya kazi hiyo.

7. Nguo ziwe za tabaka. Londiani kuna baridi ya kuuma, Kisumu kuna joto, na mwili wenye Parkinson mara nyingi haujui kujirekebishia joto vizuri. Koti la zipu ni bora kuliko la vifungo.

8. Jihadharini na dawa za kutapika. Mtu akitapika garini, wasamaria wema hukimbilia dukani. Dawa iitwayo metoclopramide, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil, huziba njia zilezile za dopamini ambazo levodopa inajaribu kuzifungua. Prochlorperazine ni vilevile. Andikeni majina haya kwenye karatasi ya safari, na mwonyesheni muuguzi au mfamasia yeyote kabla hajatoa kitu. Muulizeni daktari wenu mapema ni ipi mnayoweza kutumia.

9. Upupu ubaki msituni. Naam, upupu uleule wa kuwasha! Mbegu zake kweli zina levodopa, na wanasayansi wamezijaribu kwa wagonjwa. Lakini kiasi hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Kubadilisha kidonge kwa unga wa upupu ukiwa safarini, bila daktari kujua, ni kamari.

"HUYU MAMA AMELEWA"

Kuna jambo ambalo karatasi ya saa peke yake haitibu. Kondakta mmoja aliwahi kumkatalia shangazi kupanda, saa mbili asubuhi, akisema hataki walevi. Mwendo wa kuyumba, sauti ya chini, uso usioonyesha tabasamu: kwa asiyejua, ni pombe. Shangazi hajawahi kuonja hata busaa.

Tangu hapo hubeba kadi, iliyochapwa kwa herufi kubwa na kufunikwa kwa plastiki: "Nina ugonjwa wa Parkinson. Sijalewa. Natembea na kuzungumza polepole. Tafadhali usinisukume wala usinivute. Dawa yangu ni saa hizi…" Chini yake kuna namba za simu za watu wawili, na upande wa pili ni yaleyale kwa Kiingereza kwa ajili ya hospitali, pamoja na dawa za kuepuka. Mwanzoni alisita. Kwa nini ajitangaze? Nilimwambia habari za Muhammad Ali, ambaye alifika Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1980 kama mjumbe wa Rais Carter, akaambiwa ana Parkinson mwaka 1984, na mwaka 1996 akawasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mkono ukimtetemeka mbele ya ulimwengu wote. Shangazi akajibu kwamba Ali hakulazimika kupanda matatu. Lakini kadi aliichukua.

MBONA USITENGENEZE PROGRAMU?

Hilo ndilo swali ninaloulizwa na kila rafiki. Jibu langu ni kwamba tayari tunayo, na iko ndani ya kila simu: kengele. Kabambe ya bei rahisi ina kengele, ina vitufe ambavyo kidole kinachotetemeka kinaweza kuvihisi, na betri yake hudumu siku kadhaa. Simu janja nyingi huhitaji chaji kabla siku haijaisha, na kioo chake hukihesabu kidole kinachotetemeka kama vidole vitatu. (Kama ndiyo mliyo nayo, fungueni mipangilio ya ufikivu mrefushe muda wa kugusa, inasaidia.) Wekeni kengele mbili kwa kila kidonge, moja kwenye simu ya mgonjwa na moja kwenye ya msindikizaji. Simu moja ikizimika nyingine ipo. Sisi huita hiyo nakala ya akiba, na haina haja ya seva.

Na M-Pesa? Ni baraka, lakini PIN ikikosewa mara kadhaa akaunti hufungwa, na hakuna mahali pa kukosea PIN kama stejini huku kondakta anakuharakisha. Nauli ilipwe na msindikizaji, au ipangwe mapema mgonjwa akiwa ametulia. PIN asipewe mtu wa gari hata awe mpole namna gani.

Sisi tuliosomea mambo haya tuna ugonjwa wetu wa kuona kila shida kama programu ambayo haijaandikwa. Shida hii kwa sehemu kubwa ni taarifa iliyoandikwa nusu. "1x3" ni nusu. "7, 12, 5" ni nusu. "Tukifika Nakuru" haifiki hata nusu. Ukishaikamilisha taarifa, kengele ya kabambe inatosha.

Najua mtu atanijibu: ratiba nzuri ya dawa ambayo mtu hana pesa ya kuinunua ina faida gani? Ni kweli, na sina jibu la karatasi kwa hilo. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikiri mwaka 2022 kwamba levodopa haipatikani katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, hata ikipatikana bei ni kikwazo. Madaktari bingwa wa neva nao wengi wako Nairobi, ndiyo maana safari hizi zipo. Hayo yanahitaji serikali na kelele zetu. Lakini kwa sababu dawa ni ghali na njia ni ndefu, ndiyo sababu zaidi ya kutokipoteza hata kidonge kimoja kwa kukimeza wakati usiofaa.

Kwa hiyo, kama una mzee nyumbani anayetetemeka au anayekawia mlangoni, chukua bahasha yake ya dawa leo uisome. Ukikuta "1x3", kampigie simu mfamasia au daktari, muulize saa, ziandike kwa Kizungu na kwa Kiswahili, halafu weka kengele mbili. Ikilia mkiwa kwenye mteremko wa Kipkelion, maji yako mkononi na kidonge kiko mfukoni, mzee atameza. Nakuru mtaikuta palepale.